Nina limbikizo la fungu la kumi la miezi minane. Nikope nilipe?

SindanoNaUzi
Shalom wapendwa. Naomba ushauri. Wa kunikejeli apite kimya kimya, nimeshajikejeli mwenyewe vya kutosha.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike na sare. Nina mume na watoto watatu. Tangu niokoke bahasha yangu ya fungu la kumi, yaani zaka, haikuwahi kuruka mwezi. Kisha mume akapunguzwa kazini, nikabeba nyumba. Mwezi wa kwanza nikasema nitalipa ujao. Wa pili nikasema hivyo hivyo. Sasa ni wa nane. Kila mwezi nimeandika kwenye daftari ninachodaiwa, na nikiitazama jumla naona giza.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiko tayari kunikopesha. Nawaza nichukue, nilipe zaka zote kwa mkupuo, nirejeshe mkopo kwa mwaka mmoja. Mume sijamwambia. Malaki 3, pale Mungu anaposema "mnaniibia" kwa zaka, ikisomwa kabla ya matoleo, natazama sakafu. Nifanyeje?

MlinziWaZamu
Dada, usitafute wa kukupapasa. Zaka si yako, umekaa na mali ya Mwenyewe. Soma Mambo ya Walawi 27:31: mtu akitaka kuikomboa zaka yake, anaongeza sehemu ya tano. Maana yake hata hiyo jumla haijatosha, ongeza asilimia 20 juu. Kopa, lipa, uwe huru.

KondooMkaidi
Mkuu, torati hiyo hiyo, Kutoka 22:25, inakataza kumtoza riba maskini. Sasa unataka dada alipe riba ili apate pa kuongezea sehemu ya tano? Tutafika mahali mtu anaweka cherehani rehani kwa ajili ya bahasha.

MhaziniMstaafu
Dada SindanoNaUzi, pole kwa kipindi hiki. Nimeshika hazina ya kanisa miaka kumi na moja, nimefungua bahasha nyingi. Kabla hatujafika kwenye mkopo, nijibu moja: hilo daftari lako unapiga fungu la kumi la nini? Mauzo au faida?

SindanoNaUzi
Ya kila pesa inayoingia mkononi, mtumishi. Hata malipo ya awali ya mteja. Nilifundishwa nisimpunje Mungu.

MhaziniMstaafu
Ndivyo nilivyohofia. Tukae hapa kidogo.

Mteja akikupa 100, na humo kitambaa, uzi na vifungo vimekula 50, umeme na kodi ya chumba cha kazi 10, wewe umepata 40. Fungu la kumi lako ni 4. Daftari lako linasema 10. Sita za juu umezitoa kwenye pesa ya muuza vitambaa na ya mwenye chumba. Kumbukumbu la Torati 14:22 inataja mazao ya mbegu, yaani kilichoongezeka shambani. Mimi nausoma kwamba mbegu yenyewe si zao. Na malipo ya awali si pato kabisa, ni amana ya mtu mpaka nguo yake iishe.

(Wenye mishahara wana ubishi wao, kabla ya makato au baada. Sijawahi kuona ukiisha, na leo si siku yake.)

Rudi kwenye daftari upige upya. Sisemi hivyo ili ukwepe. Nimeona wafanyabiashara wadogo wakila mtaji kwa jina la uaminifu, na mwaka unaofuata hawana cha kutoa hata kidogo.

MamaWaPacha
Hapo kwa mume ndipo sijapaona vizuri. Mkopo wa mwaka mzima, mume hana kazi, na hajui? Siku watu wa kikundi wanapobisha mlangoni utamwambia nini, kwamba ulikopa kwa ajili ya Mungu? Utamfanya achukie kanisa bure. Mwambie leo, kabla ya kuomba kwa usiku huu.

MchungajiWaKijiji
Ndugu MlinziWaZamu, nakuheshimu, ila mstari huo umeupeleka mbali. Sehemu ya tano ni ya mwenye mavuno ambaye anataka kubaki nayo na kutoa thamani yake. Dada hana ghala la nafaka alilolifungia.

Tusiifanye zaka kuwa jambo dogo pia. Walawi, wahudumu wa nyumba ya Mungu, hawakupewa urithi wa ardhi, zaka ndiyo ilikuwa riziki yao, Hesabu 18. Watu walipoacha kutoa, Nehemia 13:10-11 inasema Walawi waliondoka wakarudi kila mtu shambani kwake, na nyumba ya Mungu ikaachwa. Malaki anagombea jambo hilo hilo: "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Ni chakula cha watu. Nami mchungaji nakila, sioni aibu kusema.

Lakini chakula hicho kilikuwa cha akina nani? Kumbukumbu 14:28-29: kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Nyumba ambayo kipato chake kimekatika ghafla iko karibu zaidi na meza ile kuliko wanaotakiwa kuijaza. Sijaona popote Mungu akimtuma aliyepungukiwa kwa mkopeshaji. Paulo anaandika, 2 Wakorintho 8:12, kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Na katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema "Korbani", yaani mali hii imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Pesa ya wanao isivishwe jina hilo.

MlinziWaZamu
Mchungaji, Ibrahimu alitoa kabla ya torati. Na Mathayo 23:23 Yesu hakuwaambia waache zaka ya mnanaa na bizari.

MchungajiWaKijiji
Hakuwaambia waache, kweli kabisa. Ila aliwaambia wameacha mambo makuu: adili, rehema na imani. Na Ibrahimu, Waebrania 7:4, alitoa sehemu ya kumi ya nyara. Alikuwa ameshinda vita siku hiyo. Dada yetu bado yuko vitani.

KondooMkaidi
Swali la pembeni, dada, usinichukie. Umesema pesa ya mteja imekuwa ikiingia kwenye hesabu. Muuza vitambaa unamdai au anakudai?

SindanoNaUzi
Ananidai. Miezi mitatu. Nimekuwa nikipita njia ya nyuma nisikutane naye.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme yote. Mimi ni katibu wa akina mama. Mwezi ujao tuna uchaguzi, na kwetu daftari la kanisa la fungu la kumi hupitiwa kabla ya majina kupitishwa. Mstari wangu una matundu manane. Ningetaka kusema ninakopa kwa sababu ya Malaki, lakini usiku nikilala ninachokiona ni lile daftari.

MamaWaPacha
Afadhali umelisema. Nilihisi kuna kitu, hesabu ya miezi ilikuwa imenyooka mno.

MhaziniMstaafu
Daftari hilo nimelishika mimi, basi nikwambie. Tuliliweka ili tujue kilichoingia, tukatae wizi wa ndani, tupange bajeti. Siku lilipogeuka kuwa kipimo cha nani ameokoka, tukaanza kupokea bahasha za kukopa kila karibu na uchaguzi. Nilizijua kwa sababu mwezi uliofuata mstari ulikuwa mtupu tena.

Nenda kwa mchungaji wako kabla ya uchaguzi, umweleze hali ya nyumba. Usingoje akuite. Ukatibu ukiondoka, uondoke. Muuza vitambaa mpelekee kidogo na tarehe ya kinachobaki, maana Mithali 3:28 inakataza kumwambia jirani "enenda, urudi, na kesho nitakupa" nawe unacho. Fungu la kumi anza upya na pato la wiki hii, la faida. Yale manane weka mbele za Mungu kama yalivyo. Ukija kuinuka ukataka kutoa zaidi, hiyo itakuwa sadaka ya moyo, sindano haitakuwa imekuchoma.

MlinziWaZamu
Kwenye kukopa nakubali nilikimbilia. Kwenye yale manane sijakubali. Deni ni deni.

SindanoNaUzi
Mrejesho. Nimepiga hesabu upya, limbikizo limebaki chini ya nusu, na miezi miwili hakukuwa na faida yoyote. Mume nimemwambia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa nini nilibeba peke yangu. Mkopo nimeukataa. Kwa mchungaji nimekwenda. Jina langu limetolewa kwenye wagombea, nimelia, nimenyamaza. Jumapili nimepeleka bahasha, nyepesi kuliko zote nilizowahi kutoa.

KondooMkaidi
Na wa vitambaa?

SindanoNaUzi
Nimepita njia ya mbele. Amepokea nusu, nyingine Jumatano ijayo. Amenipa na kitambaa cha sare kumi nishone.