Kumi kwa wawili: inatosha kumfunga mtu maisha?

Wakuu, habari za jioni. Kuna kesi ya Marekani hainitoki kichwani. Evangelisto Ramos alishtakiwa kwa mauaji huko New Orleans. Juri la watu 12, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia: kumi wakasema anayo, wawili wakakataa. Kwa sheria za Louisiana kumi walitosha, akafungwa maisha bila msamaha. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kwa kosa zito juri lazima liwe na kauli moja (majaji wenyewe waligawanyika sita kwa tatu, sijui nicheke au nilie). Kesi ikarudiwa, na 2023 akaachiwa huru.

Sheria ile haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1898 wazungu wa Louisiana walikaa kuandika katiba upya na hawakuficha lengo: kulinda ubwana wao. Weusi walikuwa na haki ya kukaa kwenye juri, kuwazuia waziwazi haikuwezekana. Basi wakaweka kura tisa kati ya 12. Weusi watatu waingie, waseme, wakatae, haibadilishi kitu. Baadaye ikawa kumi. Mimi nasema kauli moja, bila punguzo.

— Mkuu, umechagua mfano unaokubeba. Uingereza nako walikuwa na kauli moja, wakaiacha 1967. Ubaguzi haukuwa sababu. Majambazi waligundua kwamba huhitaji kuhonga watu 12, mmoja anatosha. Siku hizi kumi wanatosha, ila jaji hawaruhusu mpaka wajadiliane saa mbili au zaidi. Aliyeuliwa naye ana ndugu. Kesi irudiwe kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kichwa kigumu?

— Naomba niingie hapo. Babu yangu alikuwa mzee wa baraza Mahakama ya Mwanzo, huku kwetu Tanzania. Enzi hizo hakimu na wazee wake wawili walipiga kura, wengi wanashinda. Kuna kesi ya mbuzi aliisimulia mpaka anakufa. Shahidi alidai alimtambua mwizi kwa mbalamwezi. Babu alikumbuka usiku ule mvua ilinyesha tangu magharibi, yeye mwenyewe alikuwa anahamisha mahindi yasilowe. Akasema, hana hatia. Wenzake wawili wakasema anayo. Ikaisha. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mvua, maana kura yake haikuhitajika.

— Ndicho ninachokisema! Wakihitaji kauli moja, ile mvua ingejadiliwa. Huenda babu ndiye angeshindwa hoja, sawa, lakini wangelazimika kumjibu. Mwenzangu wa Uingereza, zile saa mbili zako ni za kusubiri tu. Kumi wakishajihesabu wanaagiza chai.

— Chai wanaagiza hata kwenye kauli moja, mkuu, tena wanamnywesha mbishi mpaka achoke akubali. Halafu samahani kwa mwenye babu, simjui marehemu: je, kama mbuzi alichinjiwa kwake?