Sebule ya 3D yenye zidaka za Lamu, mlango wa Kihindi na kochi la kijivu: ubunifu au upotoshaji?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kutengeneza picha za 3D za ndani ya nyumba. Juzi nimekabidhi sebule moja iliyonigombanisha na wenzangu kazini, nikaona niilete tuijadili.

Mteja anajenga nyumba ya wageni na alitaka "sebule ya Kiswahili". Nikampa ukuta mzima wa zidaka za Lamu (vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani) nyuma ya televisheni, dari ya boriti za miti, mlango wa kuchonga wenye upinde juu, vigae vya Morocco sakafuni, kiti cha enzi pembeni, na katikati kochi la kisasa la kijivu. Jua linapita kwenye vioo vya rangi na kumwaga wekundu na ukijani juu ya kochi. Picha imetoka kali, sitaki kujisifu zaidi. Mwenzangu akaitazama, akasema: "Nyumba hii haipo na haijawahi kuwepo." Zidaka za karne ya 18, mlango wa mwisho wa karne ya 19, kochi la mwaka huu.

Mimi nasema Pwani haijawahi kuwa na nyumba ya mtindo mmoja. Sultan Barghash wa Zanzibar alipojenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, mwaka 1883 alisimamisha nguzo za chuma, akatandika marumaru kutoka Ulaya, na milango ikabaki ya kuchonga. Hamamu ya Kidichi, bafu la kifalme huko Unguja, ina nakshi za Kiajemi kwa sababu mke wa Seyyid Said, baba yake Barghash, alikuwa Mwajemi. Hata zidaka zenyewe zilipambwa kwa mabakuli ya China. Barghash akichanganya tunampigia makofi, mimi nikichanganya nimepotosha historia?

Seremala wa Unguja
Mlango wa upinde hauna kosa, ila umeuweka ndiko siko. Ule ni mlango wa mbele. Nakshi na misumari ya shaba hutazama njiani, apitaye ajue mwenye nyumba ni nani. Wewe umeufanya mlango wa chumba cha kulala na misumari inatazama kochi. Anayeingia ni nani, mgeni au mwenye nyumba?

Na usiseme "wa Kiarabu" kama ulivyoandika chini ya picha. Wa Kiarabu wa zamani juu ni mraba. Upinde umekuja na mafundi wa Kihindi.

Kijana wa Ilala
Jamani, ni picha tu. Hakuna anayeishi mle. Mbona filamu hamzisemi?

Mama wa nyumba ya wageni
Mwanangu wa Ilala, picha haiishii kuwa picha. Mimi nilionyeshwa sebule kama hiyo, nikaipenda, nikalipa. Fundi alipofika akaniambia dari ile haiwezekani, akamimina zege kama kawaida, kisha akapasua miti katikati na kuibandika chini yake. Sasa wageni wananiuliza nyumba ina miaka mingapi. Nikiwaambia minne, wananuna.

Lakini kuchanganya mimi sikukatazi. Chumbani kwa bibi yangu mlikuwa na samadari (kitanda cha kuchonga), kasha la shaba, saa ya Ulaya ya ukutani na redio ya mkulima. Hakuna aliyeuliza vinaingilianaje.

Fundi chokaa, Lamu
Mama amegusa penyewe. Mleta mada, ugomvi wako na wenzako ni wa karne, wangu mimi ni wa mita. Boriti ni mkoko. Dari yetu ni ya mawe na chokaa, nzito, na mti wa mkoko hauibebi kwa nafasi kubwa. Ukikaribia mita 3 umefika mwisho wake. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliopima chumba. Sebule yako kwa jicho ni mita 6 kwa 7, na boriti zinakwenda ukuta hadi ukuta bila hata nguzo moja. Mtu wa hapa akiiona, kabla hajafika kwenye kochi, anaangalia juu na kuogopa.

La pili ni zidaka. Mahali pake ni ndani, na "ndani" kwetu ni jina la chumba. Unaanzia daka, kibaraza cha mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kupokelea, unatokea kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, unapanda kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, ndipo unafika ndani. Mwanga wote unatoka kiwanda na ukifika kule umeshachoka. Nakshi za chokaa zimechongwa kina kidogo, na mwanga wa kuchoka ukipita kwa ubavu ndio unaozichorea kivuli. Wewe umefungua dirisha kubwa mkabala nazo, jua linazipiga usoni, na nakshi zote zimelala. Zimekuwa rafu za duka la viatu. Hilo halihitaji historia, zima tu hiyo taa uone.

Mchora ramani
Mimi kinachonikera ni kigae. China, Uhindi, Uajemi na Oman vilifika hapa kwa jahazi na pepo za msimu, miaka mia kwa mia. Hicho kigae kimefika kwa kupakuliwa bure.

Mleta mada
Msafiri Ibn Battuta alitoka Tangier, huko huko Morocco, akafika Kilwa mwaka 1331, mkuu!

Mchora ramani
Alikuja na vigae?

Mleta mada
Haya. Jana usiku nimeifungua upya kwenye Blender, programu yangu ya 3D. Nimesogeza ukuta hadi chumba kikawa na upana wa mita 2.8, boriti nikazipanga karibu karibu, dirisha nikaliziba na kufungua uwazi ubavuni. Fundi chokaa, naomba radhi: nakshi zilisimama zenyewe, sikugusa kitu kingine. Televisheni nimeihamisha, ilikuwa inaziba zidaka sita. Kigae nimekitoa pia, ingawa kwa shingo upande.

Mlango wa upinde sitoi. Nimeurudisha mbele, misumari nje. Boriti za karne ya 18 na mlango wa wakati wa Barghash vinaweza kukaa nyumba moja, maana watu walirithi nyumba wakabadilisha milango. Seremala akitaka, tuendelee na hilo.

Mteja amejibu asubuhi: "Mbona imekuwa korido?" Nimemwambia tutatoa kochi tuweke mabaraza mawili marefu yenye magodoro, yafuate ukuta. Ameuliza bei ya godoro.