Ombi la kukomesha uwindaji kwa kutumia mbwa Eburu: mtusahihishie kabla halijafika kaunti

Mkulima_Gilgil
Wadau, hamjambo? Vijiji vinavyopakana na msitu wa Eburu vimeanza kampeni ya kukomesha uwindaji wa paa na pongo kwa makundi ya mbwa. Rasimu ya ombi kwa bunge la kaunti ipo tayari, na linaomba "uwindaji wa wanyamapori kwa kutumia mbwa upigwe marufuku Kaunti ya Nakuru". Sahihi zinakusanywa makanisani kwenye karatasi za kawaida, kisha zitabandikwa nyuma ya ombi. Kuna la kurekebisha? Na video za simu, mahakama inazikubali?

Karani_Mstaafu
Simamisheni sahihi leo hii. Ombi hilo litafia mlangoni.

Kwanza, mnaomba kilichokwisha kukatazwa. Uwindaji wa michezo umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaharamisha hata ule wa kitoweo cha nyumbani. Tena ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa, ilhali kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakuruhusu kulipelekea bunge la kaunti jambo lililo ndani ya mamlaka yake tu. Watawajibu kwa barua ya mistari miwili, na hawatakuwa wamekosea.

Sasa fungueni Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, nambari 6: udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Hiyo ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo mbele ya kaunti msimtetee paa, mshtakini mbwa. Ombeni kanuni zinazosema: kila mbwa aliyefikisha miezi mitatu asajiliwe na avae mkanda wenye nambari, leseni isitolewe bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa cha mwaka huo, na mwenye nambari awajibike mbwa wake akipatikana msituni. Mtu mwenye mbwa kumi wasiochanjwa atakwama hapo hata kabla neno "uwindaji" halijatajwa.

Kuhusu sahihi, fuateni mtindo wa Sheria ya Maombi kwa Bunge ya 2012. Hiyo ni ya bunge la kitaifa, na kaunti ina kanuni zake za kudumu ambazo mtazipata kwa karani, lakini ukifuata mtindo huo hukosei sana. Ombi linaweza kuwa la Kiswahili, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta wala kuongeza maneno juu ya mstari. Kila ukurasa ubebe mada ya ombi. Jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole viandikwe moja kwa moja kwenye karatasi ya ombi. Za kubandika hazikubaliki. Karatasi ya kanisani yenye majina matupu ni orodha ya mahudhurio tu. Msiambatanishe barua wala hati za kiapo. Elezeni mmeshalipeleka wapi suala hili na mlijibiwa nini, kwa hiyo kabla ya yote mwandikieni afisa wa mifugo wa kaunti na kituo cha KWS (Huduma ya Wanyamapori Kenya), mbaki na nakala yenye mhuri. Semeni pia kama kuna kesi mahakamani kuhusu jambo hilo. Mwisho kabisa, mnachoomba, kwa sentensi isiyo na utata.

Nyayo_za_Pori
Video zinakubalika, ila nyingi huharibikia njiani. Ukiituma kwa WhatsApp inabanwa na taarifa za tarehe na mahali zinapotea. Ile ya asili ibaki kwenye simu iliyoirekodi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti chenye sahihi kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Wakili wa upande wa pili atakiulizia kabla hajatazama hata picha moja. Pigeni mfululizo bila kukata: mtu, mbwa, mnyama, na alama ya mahali kama lango au mlima, vyote katika video moja.

Nyama msiiguse. Pongo akishachunwa hana tofauti na mbuzi kwa macho, kwa hiyo sampuli ichukuliwe na maafisa wa KWS wenyewe ili ijulikane imepita mikononi mwa nani hadi maabara.

Angalieni waya pia. Mara nyingi mbwa ni nusu ya mtego: kazi yao ni kumsukuma mnyama kwenye upenyo uliokwisha kutegwa. Msiingie kuondoa mitego bila kibali cha KWS na Huduma ya Misitu, kwa maana ukikutwa kichakani na waya mkononi, mtuhumiwa wa kwanza ni wewe. Mkipewa kibali: picha kwanza, mahali paandikwe, kisha waya ufunguliwe kutoka kwenye shina na uondolewe wote. Ukiukata katikati, kipande kinachobaki hutegwa tena kesho yake.

Na msihesabu waliouawa tu. Anayewaponyoka mbwa baada ya kukimbizwa muda mrefu anaweza kufa saa au siku kadhaa baadaye, misuli ikiwa imeharibika. Isitoshe, Eburu wamo ndongoro (bongo) wa milimani, ambao wamebaki wachache mno, na mbwa hachagui.

Kitale_Bondeni
Naongeza la Uingereza, kwa kulungu wekundu (ayala wa Zaburi ya 42, tuseme). Huko mwenye ardhi alitangulia sheria: 1997, baada ya utafiti wa Profesa Patrick Bateson uliolinganisha damu na misuli ya kulungu waliokimbizwa na ya waliopigwa risasi, National Trust, shirika la uhifadhi lenye ardhi nyingi, ilikataza kuwawinda kwa mbwa kwenye ardhi yake. Sheria ya kupiga marufuku uwindaji kwa mbwa ilipitishwa 2004 na kuanza kazi Februari 2005. Kwa hiyo waandikieni wenye ranchi na hifadhi za binafsi jirani wafunge njia zao sasa, msingojee kaunti.

Lakini sheria yao iliacha mianya ya kutumia mbwa wasiozidi wawili, mwanya mmoja ukiwa wa "utafiti na uchunguzi", na makundi ya kuwinda kulungu bado yanatoka kwa kisingizio hicho.

Mkulima_Gilgil
Asanteni sana. Na wachungaji wenye vibali vya malisho msituni? Tuliwaza kuwaruhusu mbwa wawili kila mmoja. Tunataka pia kupeleka ombi kwa maandamano.

Karani_Mstaafu
Idadi peke yake haitoshi. Uingereza kuna waliokuwa wakiwabadilisha wawili wawili, jozi moja ikichoka nyingine inashika. Andikeni: mbwa awe pamoja na mifugo, mchana tu, na nambari ya mkanda wake iwe kwenye kibali.

Maandamano: ilani kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya 14 kabla, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Na mbwa wenu wabaki nyumbani siku hiyo.