Krismasi za Magomeni ya zamani: tukikutana tena, kipi kisikosekane?

Mtoto wa Mapipa anauliza:

Ndugu zangu wa Magomeni ya Dar es Salaam, mliobaki na mliohamia Mbezi, Kigamboni na kwingineko, nawasalimu nyote. Baadhi yetu tuliokulia upande wa Mapipa katika miaka ya 1980 tumekubaliana kukutana Krismasi hii pamoja na watoto wetu, ambao wengi wao wanaijua sikukuu hiyo kama siku ya kukaa sebuleni na kutazama televisheni mpaka usingizi uwapitie. Mimi naikumbuka nyumba yetu ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, Waislamu na Wakristo wakitumia ukumbi mmoja na ua mmoja. Matayarisho yalianzia kwa fundi cherehani aliyeketi barazani, ambaye aliwashonea watoto wote wa nyumba nguo kutoka jora moja la kitambaa cha kiwanda cha Urafiki, wasichana magauni na wavulana mashati, hata mtoto akipotea sokoni kila mtu alijua arudishwe mlango gani. Tawi la mvinje lilisimikwa kwenye kopo la mchanga na kupambwa kwa pamba na maputo. Naomba mnisaidie: ni jambo gani hasa lililoifanya Krismasi ile iwe ya mtaa mzima na si ya Wakristo peke yao, na katika maandalizi yetu tusiache nini?

Bibi wa Mwembechai:

Mwanangu, umetaja nguo na mti, ukakiruka kisu. Mbuzi wa Krismasi alinunuliwa na Wakristo, lakini alichinjwa na marehemu mume wangu, akielekezwa kibla na kutajiwa jina la Mungu kama inavyopasa, ili nyama ile iweze kuliwa na kila mtu uani bila mashaka. Hakuna aliyeandika sheria hiyo; mgeni aliyehamia kutoka bara aliikuta na akaifuata, na mchinjaji aliondoka na shingo ya mbuzi mkononi. Baada ya hapo kazi iliingia kwetu wanawake. Majirani zetu wengi waliotoka Bukoba, Moshi na Tukuyu hawakuzaliwa na pilau, kwa hiyo mkesha wa sikukuu mimi na mwenzangu wa chumba cha pili tulikuwa tukitwanga bizari, tukikaanga vitunguu mpaka vigeuke rangi ya kahawia iliyoiva, na kupalia makaa juu ya mfuniko, huku wenyewe wakiwa kanisani wanaimba. Waliporudi usiku walikuta harufu imekwisha kufika barabarani. Ukiniuliza mimi, tafuteni kwanza mchinjaji, mengine yatafuata.

Mwalimu Mstaafu:

Shikamoo, Bibi. Nakubaliana nawe kuhusu kisu, ila naona tunaisahau dhiki iliyotukusanya. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, sukari, mchele, sabuni na nguo vilikuwa vya kupangia foleni, na mara nyingi mgao ulipitia kwa balozi wa nyumba kumi. Hapakuwa na familia iliyoweza kuandaa sikukuu kwa akiba yake peke yake. Huyu alitoa kilo ya mchele, yule mafuta ya kula yaliyofichwa chini ya kitanda tangu Oktoba, na mwenye sufuria kubwa alihesabiwa kuwa ametoa mchango mzito kuliko wote. Jora moja unalolisifu, kijana wangu, halikuwa mapenzi ya sare. Ndicho kitambaa kilichopatikana. Sitaki watoto wenu wasimuliwe kwamba tulikuwa watu wema kuliko wao. Tulihitajiana, na mlango wa jirani ulikuwa hatua tatu kutoka kwetu.

Kaka wa Mikumi:

Mwalimu, heshima yako, lakini dhiki peke yake haielezi yaliyotokea baadaye, wakati maduka yalikuwa yamejaa na televisheni imekwisha kuingia Tanzania Bara tangu mwaka 1994. Mwaka 1998, 1999 na 2000 Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Kwetu mama hakupeleka sahani mchana kama kawaida. Alizifunika kwa kawa, akatukataza kula chapati uani mbele ya waliofunga, na magharibi ilipoadhiniwa tukatumwa mlango kwa mlango, ili pilau ifike pamoja na tende na uji wa futari. Mwaka 2000 Idi ilifuata siku chache tu baadaye, na sahani zilezile zikarudi na tambi na kaimati, kwa kuwa ilikuwa aibu kurudisha sahani tupu. Sisi watoto tulifaidi mara mbili, kwa sababu tulidai mkono wa Krismasi na mkono wa Idi kwa watu walewale ndani ya wiki moja. Kwa hiyo nashauri sahani zitembezwe. Mkila wote kwenye meza moja ukumbini mtakuwa mmefanya harusi.

Mama wa Kota:

Mimi naishi katika ghorofa za Magomeni Kota, zilizozinduliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644 za nyumba za zamani, na sahani bado zinatembea, ila siku hizi zinapanda lifti na kawa limekuwa mfuniko wa plastiki. Tatizo letu ni moshi na nafasi, maana pilau ya watu wengi haipikwi kwenye jiko la gesi la mafiga mawili. Napendekeza tupikie kwa yeyote mwenye ua mpana, Bibi asimamie viungo akiwa amekaa kwenye kiti, na watoto wabebe sahani kwenda kwa wazee wasioweza kutoka, wakitaja wametumwa na nani. Wenzetu wanaokwenda Moshi waseme mapema, kwa sababu kila Desemba hutuachia ngazi tupu na hesabu mbovu ya walaji. Mbuzi anunuliwe mapema pia. Ikifika wiki ya sikukuu bei haishikiki.

Mtoto wa Mapipa:

Shikamoo, Bibi, na ahsanteni nyote. Ua umepatikana Mwembechai na sufuria mbili kubwa zimeahidiwa. Bado nahitaji mchinjaji na mtu mwenye kawa za zamani, hata zikiwa zimechakaa.