Ngozi nyeusi, kazi ya ndani: sanskrini kila siku ya nini?

Kando_ya_Dirisha
Wakuu, naombeni ufafanuzi. Ngozi yangu ni nyeusi, nashinda ofisini kando ya dirisha, na jua halijawahi kuniunguza. Nina madoa meusi mashavuni, nimeshauriwa nipake sanskrini (krimu ya kukinga jua) kila siku. Kuna haja kweli? SPF 50 (namba ya kiwango cha kinga) ya asubuhi itanifikisha jioni? Na mbona hii niliyonayo inaniacha na rangi ya majivu?

Dozi_Kamili
Kutoungua kusikudanganye. Inayounguza hasa ni mionzi ya jua iitwayo UVB, na kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Mionzi mingine, UVA, ndiyo inayopenya kioo, na mawingu pia hayaisumbui sana. Inazama ndani zaidi ya ngozi, inachakaza kolajeni (protini inayoikaza ngozi) na kuchochea seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Ndiyo maana kwa ngozi nyeusi hasara haiji kwa wekundu. Inakuja kwa madoa yasiyofutika kirahisi na alama za chunusi zinazokaa miezi. Melanini inakinga, sikatai, ila makadirio yanayotajwa sana ni kama SPF 13 kwa ngozi nyeusi.

Pia SPF inaeleza zaidi habari ya UVB: 15 huzuia takriban asilimia 93, 30 asilimia 97, 50 asilimia 98. Kwa madoa yako angalia kinga ya UVA. Bidhaa za Ulaya huwa na herufi UVA ndani ya duara. Za Japani na Korea huandikwa PA ikifuatwa na alama za kujumlisha, na zikiwa nyingi ndivyo kinga inavyozidi.

Vidole_Viwili
Niongezee kipimo, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Namba ya kwenye chupa hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita 1 ya mraba ya ngozi. Wengi hupaka nusu yake au chini ya hapo, kwa hiyo hiyo 50 hawaipati kabisa.

Uso na shingo: kamulia mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine cha kati, toka shina hadi ncha. Ukiona ni nyingi, paka mstari mmoja, ukitulia paka wa pili. Usiruke masikio, kisogo na pale nywele zinapoanzia. Mwili mzima wa mtu mzima unataka kama mililita 30.

Losheni ya kulainisha ngozi itangulie na ikauke, sanskrini ifuate dakika 15 kabla ya kutoka, mekapu mwisho. Usiikoroge na losheni wala faundesheni kiganjani: inapungua nguvu na utando haukai sawasawa, na kinga ni huo utando. Poda yenye SPF ni nyongeza tu. Hakuna anayepaka poda nyingi kiasi hicho.

Kando_ya_Dirisha
Shukrani. Ile ya kurudia kila baada ya saa 2 ni hata ofisini? Halafu nikizidisha inatoka vipande vipande, na macho yanawasha.

Zinki_na_Wenzake
Saa 2 ni za aliye juani. Aliye ndani mbali na dirisha, ya asubuhi inamtosha. Wewe, kwa maoni yangu, rudia mchana kabla hujatoka. Ukitoka jasho au kujifuta kwa taulo, rudia hapo hapo. Hata inayostahimili maji hupimwa kwa dakika 40 au 80 tu.

Majivu hayo ni zinki oksaidi au titani dioksaidi, unga mweupe unaotawanya mwanga. Kusugua zaidi hakusaidii, badilisha aina. Kwa madoa ningechagua yenye rangi ya ngozi iliyotiwa oksaidi ya chuma, kwa sababu mwanga wa kawaida unaoonekana nao huongeza weusi, na sanskrini isiyo na rangi huupitisha.

Vipande hutokea ukipaka juu ya losheni ambayo haijakauka, au ukisugua sana. Gandamiza kwa viganja. Macho huwasha kwa sababu vichujio vya kemikali (viungo vinavyofyonza mionzi) huteremka na jasho. Kuzunguka macho tumia ya zinki ya kijiti.

Chupa usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Maji na mafuta yakijitenga, au harufu ikibadilika, itupe hata kama tarehe haijafika.