Naomba ushauri: dari ya sebuleni, jipsamu au PVC?

Mwanamsingi: Wakuu, habari. Nataka kubadilisha dari ya sebuleni, niweke ya kuning'inia kwa fremu za chuma. Fundi anasema jipsamu, shemeji anasema PVC, ile ya plastiki. Usingizi sipati. Nichukue ipi?

RangiMbili: Jipsamu, na taa za kuzama pembeni. PVC itakufanya ujione uko bafuni.

FundiPembeni: Mkuu, ya zamani imefanya nini?

Mwanamsingi: Imechakaa tu.

FundiPembeni: Imepasuka, imebonyea au ina madoa?

Mwanamsingi: Ina doa la kahawia upande wa ukuta wa ngazi, na hapo imebonyea kidogo. Ila bati ni zima, ni mvua kubwa tu ndiyo inapenya. Halafu bodi nimeshanunua na fundi kashachukua advansi, kwa hiyo hapo tusibishane.

RangiMbili: Sasa unauliza nini?

MamaKijacho: Yetu ilidondoka usiku, kipande kizima juu ya kochi. Mume wangu mpaka leo anamlaumu paka.

FundiPembeni: Jipsamu ikinywa maji inakuwa nzito na laini, skrubu zinachomoka. PVC haiozi, lakini itakuficha uvujaji huku mbao za kenchi zinaoza juu. Ziba paa kwanza. Waya za kuning'inizia zifungwe kwenye kenchi, isizidi mita 1.2 kati ya waya na waya, na acha kilango cha kupandia.

Mwanamsingi: Panga boi fundi anataka kulifunga kwenye chaneli za dari.

FundiPembeni: Asithubutu! Linatikisa. Ndoano yake ishike kwenye kenchi.

MzeeKiti: Vijana mnapamba dari, paa linavuja. Mkeo umemshirikisha?

Mpelelezi: Hii chai. Juzi uliomba ushauri wa vigae vya bafu la ghorofani. Leo sebule ina bati. Ghorofa imeyeyuka?

Mwanamsingi: Sebule imetokeza mbele, juu yake hakuna chumba. Bati lake limeegemea ukuta wa ghorofa, ule wa ngazi.

FundiPembeni: Si ungesema mapema! Maji yanaingia hapo bati linapokutana na ukuta. Weka flashingi, kile kipande cha bati cha kuziba maungio, ichimbiwe ndani ya plasta. Silikoni ya kupaka juu juu haitadumu.

Mwanamsingi: Fundi kasema silikoni inatosha.

Mpelelezi: Leta picha.

Mwanamsingi: Kamera ya simu imekufa.

Mpelelezi: Chai ya maziwa hii.