Fomubodi inapinda kama ungo, naomba ushauri jamani

Habarini wakuu. Nina kastudio kadogo ka picha huku Mbagala, juzi nikapata oda ya mabango 6 saizi ya A1 ya kubandika kwenye fomubodi (ile bodi nyepesi yenye sponji katikati ya karatasi mbili) ya milimita 5, mteja anayataka kwa maonyesho ya shuleni kwao. Nikajisemea kazi rahisi hii, nikachukua gundi nyeupe ya mbao nikaichanganya na maji kidogo nikapaka kwa brashi, nikabandika, nikapangusa na kitambaa, ikakaa safi kabisa nikaenda kulala zangu. Asubuhi bodi imepinda kama ungo halafu picha ina mapovu katikati!

Fundi mmoja akaniambia karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa na kuivuta bodi, kwa hiyo nibandike na karatasi nyingine nyuma ili zivutane sawa. Inaingia akilini ila si ndo gharama mara mbili? Mwingine kasema nitumie gundi ya kupuliza, nikajaribu kwenye kipande, ile sponji ya ndani ikaanza kuyeyuka pembeni, sijui nilipuliza karibu sana au ni aina ya gundi.

Sasa nauliza, mnaofanya hizi kazi mnatumia nini? Niprinti kwenye stika moja kwa moja? Na hayo mapovu mnayatoaje, maana kuyasukuma kwa kadi ya benki kumeshanikwaruzia picha mbili. Bodi zilizopinda zinanyooka kweli au nihesabu hasara? Mteja anakuja Ijumaa na advansi nshakula.